Mpira wa Mzee Kondo

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Zuena Jumatatu asubuhi, akiwa anapima watoto uzito zahanati. Ulitoka kwa mfamasia wa wilaya. Mipira ya mkojo yenye namba fulani ya toleo isitumike tena. Iliyobaki ifungiwe, na mgonjwa yeyote aliyewekewa abadilishiwe mara moja, kwa sababu lile puto linaloshikilia mpira ndani ya kibofu huweza kupasuka, au likagoma kutoa maji yake.

Zuena alimrudishia mama mtoto wake, akaingia stoo. Namba kwenye boksi ilikuwa ileile. Mipira miwili ilishatumika. Mmoja alimwekea mzazi, akautoa jioni yake salama. Wa pili alimwekea Mzee Kondo, wiki tatu nyuma, alipozibwa na tezi dume, na tangu hapo mzee alikuwa anangojea tarehe ya upasuaji.

Alishtuka. Si kwa ajili ya namba, ila kwa ajili ya simu ya Ijumaa. Bi Mwanaidi, mkewe Mzee Kondo, alimpigia akamwambia mkojo wa mzee una damu na usiku halali. Zuena alikuwa na foleni mlangoni. Alimjibu kwamba damu kidogo ni kawaida kwa mwenye mpira, mzee anywe maji kwa wingi. Akakata simu Bi Mwanaidi akiwa bado anashukuru.

Sasa alipiga yeye, simu haikupatikana. Ulikuwa msimu wa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, na wazee wale walikuwa wamehamia shambani kwao, ng'ambo ya mto, ambako simu ikiisha chaji imeisha. Akampigia mganga mfawidhi, mkuu wake pale zahanati, aliyekuwa safarini Kibiti. Mganga aliuliza kama kuna mpira wa aina nyingine. Haukuwepo hata mmoja. Basi, akasema, ukiutoa mzee ataziba, ukiuacha utamuua. Mtafute umpeleke hospitali. Zuena alibeba glavu, wembe na bomba la sindano, akafunga zahanati, akateremka mtoni. Mvuvi mmoja, Idrisa, akamvusha.

Walimkuta mzee juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu cha kulindia shamba, amejikunja, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Bi Mwanaidi alikuwa anampepea kwa kanga. Hakuuliza kilichomleta nesi. Alisema tu kwamba tangu jana alfajiri halijatoka hata tone, na kwamba walikuwa wanangoja mtu wa kupita wamtume.

Zuena alipanda. Chini ya kitovu palikuwa pamevimba, pagumu kama boga. Ngozi ya mzee ilikuwa ya moto. Alichomeka bomba kwenye kijiti cha pembeni cha mpira avute maji ya puto, akavuta, hayakuja. Akageuza, akavuta tena. Akakata kile kijiti kwa wembe, kama alivyofundishwa chuoni, akangoja maji yatiririke yenyewe. Hayakutiririka. Alivuta mpira kidogo kwa mkono, mzee akatoa sauti ambayo Zuena hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima, naye akaacha. Hakuwa na kingine cha kujaribu.

Wanaume wa mashamba ya jirani wakamteremsha mzee kwenye ngazi akiwa amefungwa kwa shuka. Mtumbwini alilazwa kichwa kikiwa mapajani mwa mkewe. Mto ulikuwa mpana siku hiyo, na Idrisa alipiga kasia kwa nguvu.

Katikati ya maji Mzee Kondo alifumbua macho, akamtazama Zuena.

"Nesi, ulisema ninywe maji," alisema. "Nimekunywa. Nimekunywa sana."

Zuena alivuta shuka. Akainama, akajifanya anamfunika miguu.

Gari la kukodi lilipatikana kijiji cha Mkongo, baada ya adhuhuri. Hospitalini daktari alimchoma sindano juu ya kinena, mkojo ukatoka mwekundu mzito, mzee akashusha pumzi, na kwa saa chache Bi Mwanaidi aliamini yamekwisha. Kesho yake mpira ulitolewa chumba cha upasuaji, pamoja na vipande vya puto lililoraruka na kuziba njia ya mkojo. Lakini homa haikushuka. Daktari alimwita Zuena pembeni, akamweleza kwamba uchafu umeshaingia kwenye damu na figo zimechoka. "Hii si homa ya jana," alisema. "Ina siku tatu, nne." Zuena hakuhitaji kuhesabu.

Mzee Kondo alifariki Jumatano, akazikwa alasiri.

Siku ya tatu ya matanga Zuena alikwenda. Alimkuta Bi Mwanaidi chumbani, kwenye mkeka, akaomba wanawake wengine wawapishe. Akamweleza yote: ujumbe, namba ya kwenye boksi. Kisha akafika kwenye simu ya Ijumaa, ambayo hakuna aliyemuuliza.

"Ningekusikiliza siku ile, mama, ningekwambia mumlete. Sikukusikiliza. Nisamehe."

Bi Mwanaidi alikunja pindo la kanga, akalikunjua.

"Najua hukunisikiliza," alisema. "Nilikuwa nimeshika simu mimi. Mpira hukuutengeneza wewe, hilo nimelielewa. Lakini usiniombe msamaha leo, mwanangu. Nikikupa leo nitakupa kwa kukuonea haya, na mume wangu hana hata wiki kaburini."

Zuena aliitikia kwa kichwa. Alitoka uani, ambako wanawake walikuwa wanaosha masufuria ya mchana. Akakunja mikono ya gauni, akachuchumaa, akachukua sufuria moja lenye ukoko. Hakuna aliyemwambia aoshe, wala aliyemzuia. Aliosha mpaka ikaadhiniwa alasiri.