Mpango wa Kufuta Sifuri

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka, shule yetu ya kata, Kasulu, ilijaa sifuri. Mkuu wa shule akawaita wazazi na wanafunzi, akatangaza mpango: wanafunzi dhaifu wa hisabati wakariri kidato cha tatu badala ya kupanda cha nne, wasituaibishe tena kwenye mtihani wa taifa. Wa kwanza kutajwa alikuwa kaka yangu, marehemu Nurudini.

Akasimama. “Shikamoo, mkuu. Nitakariri, ila na mwalimu wa hisabati akariri. Tangu kidato cha kwanza hatujamwona.”

Wazazi walicheka mpaka mama akajifunika kanga usoni. Mkuu akakohoa, akaufuta mpango.

Mwisho wa mwaka Nurudini alifanya mtihani, akapata daraja la nne, la chini kabisa lakini si sifuri. Tukachinja kuku. Hisabati alipata F, bado akadai firigisi, ambayo kwetu ni ya baba. Baba akampa.