Mikaratusi ya Basili

Mwaka Manyara ilipotengwa na Arusha kuwa mkoa, kila mtu Babati alitaka kujenga, na matofali ya kuchoma yakawa biashara. Mume wangu Basili akajenga tanuru hapa Endasak. Halafu akaugua ghafla, akafa. Siku ya kumzika sikulia. Majirani walinisema sana, nikawaacha waseme. Ndani yangu hapakuwa na kitu.

Aliniachia tanuru, vibarua, na mikaratusi aliyoipanda zamani kuzunguka chemchemi na kuipogoa mwenyewe, mpaka koti lake likawa linanukia majani yake. Alizoea kusema, "Hii msiiguse. Miti ikiisha, maji yanaisha, na bila maji hakuna tofali." Nilimwamini. Tanuru la kwanza kulisimamia peke yangu nikapanga kulichoma kwa magunzi ya mahindi na pumba za alizeti, na kuni chache za kuanzishia.

Mvua ikanyesha nje ya msimu wake. Pumba zikalowa, magunzi yakatoa moshi mtupu. Moto wa tanuru ukizimika katikati, tofali linabaki udongo. Nicodemo, mchomaji wetu, akaja na shoka begani.

"Mama, mikaratusi ile pale. Tukate michache tu, tuokoe tanuru."

"Hapana."

"Mteja anasubiri, mama. Na sisi tuna watoto."

"Nimesema hapana."

Moto ukafa tukiutazama. Mteja akanunua kwa mwingine, vibarua wakatawanyika. Nilijua nimewakosesha chakula, lakini nilijua tu, kama unavyojua kwamba leo ni Jumanne.

Kiangazi chemchemi ikapungua mpaka ndoo haizami. Mama mkwe wangu, Severina, akaenda kumwita bwana misitu, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Akatuamkia shikamoo, akazunguka chemchemi, akauliza nani alipanda.

"Mume wangu," nikasema.

"Pole, mama. Mikaratusi inakunywa maji kuliko ng'ombe. Hii ndiyo inayowakaushia. Ikateni yote, mpande miti ya asili."

Severina akakaa chini kwenye majani. "Mwanangu hakujua."

"Hakujua, mama," nikamwambia.

Nicodemo akarudi na shoka lake. Hakunikumbusha lolote, nami nilimshukuru kwa hilo. Tukapanda mikuyu katikati ya visiki. Matofali yaliyobaki udongo tukayaloweka, tukayafyatua upya, tukasubiri magogo yakauke.

Siku ya kuchoma, mikaratusi ya Basili iliwaka vizuri ajabu. Haikuhitaji pumba wala magunzi. Nilisimama kwenye mdomo wa tanuru nikisukumia ndani gogo moja moja, nikiwaza kazi tu, mpaka upepo ukageuka na moshi ukanijia usoni. Ulinukia kama koti lake. Ndipo nikalia, tena kwa sauti, na majirani wakaja mbio kuuliza nani amekufa.