Uso wa Bwana Taka

Mwaka wa themanini na moja Karatu ilikuwa na kila kitu isipokuwa vitu. Sabuni haikuwepo, chumvi ilikuja ilipojisikia, na rangi ya mafuta ilionekana mara ya mwisho kwenye mlango wa duka la ushirika, ambako nayo ilikuwa inabanduka. Lakini matangazo yalihitajika kuliko wakati wowote. Duka lisilo na sukari lilitaka neno SUKARI liandikwe kubwa zaidi, watu wasije wakasahau jina lake. Kazi hiyo ilikuwa ya Bernadina.

Bernadina alijifunza kuchora Arusha, kwenye kiwanda cha uchapaji, akitengeneza picha za kubandika kwenye makopo ya asali na mifuko ya unga. Alipoolewa alirudi Karatu na mumewe, dereva wa lori kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani. Mume huyo alikuwa mtu mwema ambaye alipata nafasi ya kukaa nyumbani kila lori lilipoharibika, kwa hiyo walionana mara kwa mara. Bernadina aliandika HOTELI juu ya vibanda vya chai vyenye benchi moja. Alichora twiga kwenye kuta za baa. Alimchorea kinyozi vichwa vya mitindo ya kisasa, ambavyo hakuna mteja aliyewahi kutoka navyo.

Jioni alifanya picha zake mwenyewe. Alichukua vipande vya magunia, akashonea ngozi, akabandika maganda ya vitunguu, majivu na udongo mwekundu wanaojipaka wafugaji wa Nainokanoka, vyote kwa gundi aliyoichemsha mwenyewe kutokana na kwato za ng'ombe. Majirani walio na macho ya sanaa waliziita "matambara ya Mama Fundi" na wakamshauri aziweke mbali na upepo unaoelekea kwao.

Baada ya mvua za masika kuhara kukaingia. Kulianzia Mang'ola, kule kwenye mifereji ya vitunguu ambako maji ya kunywa, ya kufulia na ya kumwagilia ni ndugu wa tumbo moja. Leonida, dada yake Bernadina, alikuwa na shamba huko. Alimzika mtoto wake wa mwisho kabla hajaanza kusema sawasawa. Bernadina alikwenda msibani juu ya lori, akakaa na dada yake, akarudi na gunia la maganda ya vitunguu ambalo Leonida alimfungashia, kwa kuwa hakuweza kumwacha mgeni aondoke mikono mitupu hata siku ile.

Ugonjwa ulipofika Karatu, Kamati ya Afya ya kijiji haikulala. Ilikutana. Katika mkutano wa kwanza ilipanga siku ya mkutano wa pili, na katika mkutano wa pili ikaamua kwamba kuhara kutapigwa vita kwa picha. Kulikuwa na mjumbe mmoja aliyeuliza kama isingekuwa vema kuanza kwa kuchimba vyoo, lakini alikumbushwa kwamba kuchimba kunahitaji jembe na uhamasishaji unahitaji maneno tu.

Bwana Afya aliyeitwa Clemensi alitumwa kwa Bernadina.

"Mama Fundi, tunataka picha kubwa ya kusimamisha pale mnadani," alisema. "Watu wawili. Upande huu Bwana Safi, ametoka chooni, ananawa. Upande ule Bwana Taka, ametoka vichakani, anafunga suruali, na nzi wanamfuata. Nzi waonekane."

"Rangi mnayo?"

"Kamati ina imani na ubunifu wako."

"Na ubao?"

"Ubunifu, Mama Fundi." Kisha akakohoa kidogo. "Huyo Bwana Safi awe na sura ya heshima. Sura kama, tuseme, yangu. Kwa mfano tu."

Kesho yake asubuhi huo mfano tu ulikuja umepiga pasi shati, umechana nywele na kujipaka mafuta usoni, ukakaa kwenye kigoda mpaka mchana.

Bernadina alishona magunia manne ya kahawa yakawa moja. Ardhi aliifanya kwa majivu na udongo. Shati la Bwana Safi lilikuwa maganda ya vitunguu vya Leonida, yaliyopangwa kama magamba ya samaki, na jua likiliangaza lilimeremeta kuliko shati lolote lililowahi kuvaliwa na Clemensi. Nzi walikuwa punje za buni zilizoungua, kila moja na mbawa za ganda la mahindi. Uso wa Bwana Taka aliutoa kichwani: pua ya huku, masikio ya kule, kidevu alichokiona zamani stendi ya Arusha. Aliufanya kwa kipande cha ngozi ya mbuzi, akaukunja vizuri penye mashavu, ukawa uso wa mtu anayejua kwamba ameonekana.

Siku ya mnada picha ilisimamishwa kwenye nguzo mbili kando ya barabara. Watu walikusanyika. Kwanza walicheka nzi, halafu wakacheka suruali. Halafu mtu mmoja akageuka akamtazama Mwenyekiti wa kijiji, mwingine naye akageuka, na kicheko kikapanda daraja.

Mwenyekiti aliitwa Inosenti, jina ambalo padri alimpa akiwa mchanga, kabla ya kumfahamu. Alikuwa msemaji hodari wa mambo ya usafi. Hotuba yake ya vyoo ilijulikana mpaka Mbulu. Kwake mwenyewe hakukuwa na choo, lakini mtu hawezi kuhutubia na kuchimba kwa wakati mmoja.

Jioni ile ile aliitisha kamati, na Bernadina akaitwa.

"Ndugu Bernadina," alianza, "mimi si mtu wa kujitafutia makuu. Lakini masikio yale ni yangu."

"Mwenyekiti, sikukuchora wewe."

"Kwa hiyo nimejichora mwenyewe?"

Kabla Bernadina hajajibu, mlango ukafunguliwa. Aliingia Mzee Moloimet, mfugaji wa Nainokanoka aliyekuwa ameleta ng'ombe mnadani. Aliegemeza fimbo yake ukutani kwa utaratibu.

"Yeyo," alimwambia Bernadina, yaani mama kwa lugha yake, "mimi nimekutendea ubaya gani? Watu wa boma langu wamesimama pale wanasema, tazama, Moloimet amevalishwa suruali."

Nyuma yake alikuwepo karani wa ushirika, aliyekuwa na hakika kwamba kile kidevu ni chake. Ilikuwa ajabu. Uso mmoja wa ngozi ya mbuzi ulikuwa umewaingia wanaume watatu wasio na udugu, na kila mmoja alikuwa tayari kuugombea kama kiwanja. Clemensi peke yake alikaa pembeni, amenuna. Tangu asubuhi alikuwa amesimama karibu na Bwana Safi, akigeuza uso upande ule ule, na hakuna hata mtu mmoja aliyemtambua.

Kamati iliamuru uso ubadilishwe. Bernadina aliongeza ndevu za katani. Katekista akaacha kumsalimia. Aliondoa ndevu akaweka kofia; mwenye mashine ya kusaga akatuma watu. Alimpunguza Bwana Taka pua, na shemeji yake mwenyewe akaja kulalamika. Kumbe Karatu ilikuwa na wanaume wengi waliojifahamu vizuri, ila walikosa picha ya kuwathibitishia.

Mwishowe Inosenti alipata wazo, na kama kawaida ya mawazo yake lilikuja akiwa ameketi.

"Mfanye mwanamke," alisema. "Bibi Taka. Avae kanga, mambo yaishe. Wanawake hawana makuu."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Karani alisema ni wazo la kimaendeleo. Clemensi akaandika.

Bernadina alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono bado ina gundi. Kwa siku zote zile alikuwa ameongeza na kupunguza bila ubishi, kwa sababu fundi wa matangazo huzoea kuambiwa twiga ana shingo ndefu mno. Lakini hili lilimpanda kifuani.

"Simchori," alisema.

"Nani?"

"Huyo mwanamke. Nilikuwa Mang'ola kwa dada yangu. Nilimwona akimwosha mtoto wake kwa mara ya mwisho. Maji aliyachota mwenyewe, mbali, akayachemsha, maana alisema asiogeshwe maji machafu hata sasa. Ninyi mnataka nimchukue yeye nimweke pale barabarani, nzi wamfuate, ili ninyi mlale vizuri? Simchori, Mwenyekiti. Tafuteni fundi mwingine."

Fundi mwingine alikuwa Arusha, na petroli pia.

"Basi," alisema Inosenti kwa sauti ya mtu anayekubali nusu, "chora mtu asiyekuwepo."

"Ndiye niliyemchora."

Akatoka. Wao wakamfuata kwa mbali. Alikwenda mpaka kwenye picha, akachomoa kisu chake cha kukatia ngozi, akaukata uso wa Bwana Taka mzimamzima kuuzunguka. Likabaki tundu, na ndani ya tundu mlima wa Oldeani na mawingu.

"Umeharibu mali ya kamati!" Clemensi alipiga kelele.

"Nimewatii. Sasa hafanani na mtu."

Picha ikaachwa hivyo, kwa maana kuiondoa kungehitaji mkutano.

Siku zilizofuata ziliipa picha ile kazi ambayo hakuna aliyeipanga. Vijana waligundua kwamba ukipita nyuma ya gunia na kuingiza uso kwenye tundu, wenzako watacheka mpaka walie. Baadaye wakaja watu wazima, wakitazama kwanza kama kuna anayewaona. Mzee Moloimet mwenyewe aliuingiza uso wake siku ya mnada uliofuata, akawauliza watu wa boma lake kama sasa amefanana, na waliposema hapana, siyo kabisa, alikwenda zake amefurahi. Watu walisimama pale muda mrefu, na waliposimama walisoma maneno ya kunawa mikono ambayo Bernadina aliyaandika chini ya picha, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kusoma.

Halafu siku moja ya mnada likaja gari la watalii. Siku hizo, kwa kuwa mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, magari yaliyopanda kwenda kreta kutazama wanyama yalikuwa machache, na kila moja lilipokewa kama harusi. Dereva wake, kijana aliyeitwa Parsimei, alisimamisha gari ili abiria wake wapige picha. Walikuwa wazungu wanne. Wote wanne, mmoja baada ya mwingine, waliingiza nyuso zao kwenye uso wa Bwana Taka na kutabasamu.

Inosenti aliarifiwa, akaja mbio akivaa koti njiani. Hakuna aliyemwomba hotuba, kwa hiyo aliitoa.

"Waambie," alimwagiza Parsimei, "picha hii ni wazo la kamati yangu. Waambie kijiji hiki chote kina vyoo. Kila nyumba! Kuanzia kwa kiongozi."

Parsimei akatafsiri. Bibi mmoja wa kizungu, mnene, mwenye kofia ya majani, alisikiliza kwa furaha inayozidi, kisha akasema jambo kwa haraka.

"Anashukuru sana," alisema Parsimei. "Anasema njia ni ndefu na ameteseka tangu Mto wa Mbu. Anaomba akitumie cha kwako."

Mnada mzima ulisikia. Inosenti alitazama kulia, akatazama kushoto. Nyumba yake ilionekana kutoka pale, na bibi alikuwa tayari amekwisha kukifuata kidole cha mtu mmoja mwema aliyeionyesha. Ikabidi aongoze njia. Alitembea polepole kama anayefuata jeneza, bibi nyuma yake, Parsimei nyuma ya bibi, na nyuma ya Parsimei watu wote waliokuwa na shughuli muhimu mnadani.

Mkewe, Cresensia, alikuwa uani akipeta mahindi.

"Mama, mwonyeshe mgeni choo," Inosenti alisema, huku akimkonyeza.

Cresensia aliweka ungo chini. Alikuwa ameomba choo kwa mume huyu tangu walipooana.

"Kipi hicho, Baba?" aliuliza kwa heshima zote. "Kile cha kwenye hotuba?"

Bibi wa watu hakungoja tafsiri. Aliingia kwenye shamba la mahindi nyuma ya nyumba. Alipotoka alikuwa akifunga mkanda, kofia imekwenda upande, na nzi wawili watatu wakimsindikiza. Alisimama akawatazama watu waliojaa uani, akajitazama, akacheka kwa sauti kubwa. Watu nao wakacheka, na Cresensia alicheka mpaka akakaa chini. Inosenti peke yake ndiye ambaye hakuona la kuchekesha.

Alichimba choo. Alikichimba mwenyewe, kwa jembe, kwani kila kijana aliyemwita alikuwa na udhuru. Baada yake karani akachimba, halafu katekista, maana hakuna aliyetaka mgeni ajaye aelekezwe kwake. Kabla ya mavuno hata ofisi ya Bwana Afya ilipata choo, na hapo ndipo watu walipojua kwamba haikuwa nacho. Kamati ilitoa taarifa wilayani juu ya ushindi wa mbinu ya tundu, iliyobuniwa na kamati. Bernadina hakutajwa.

Yeye alikuwa Mang'ola. Alitandika gunia jipya kwenye ua wa Leonida, akamchora mwanamke anayemnawisha mtoto mikono. Leonida alikaa karibu akimchagulia maganda, mekundu upande huu, meupe upande ule. Uso wa mtoto ulipoanza kutokea, Leonida alisema, "Mashavu yalikuwa makubwa zaidi." Bernadina akayaongeza. Leonida akatazama, akasema, "Hapo," kisha akaenda kuteka maji.

Bernadina aliporudi Karatu alimkuta mwenye bucha anamsubiri mlangoni. Alitaka tangazo la ng'ombe. Lakini ng'ombe huyo, alisisitiza, awe anatabasamu, aonekane amefika pale kwa hiari yake.