Neno la Msalaba wa Yves

Chini ya jina la Yves, kwenye msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe, palibaki nafasi ya neno moja. Mzee Salvator aliitazama kama mkulima atazamavyo shamba alilokabidhiwa. Warundi wenzake wa kanisani walikuwa wamemwachia yeye kazi ya kuchagua, kwani nani mwingine katika mtaa mzima wa Turffontein, huku ugenini, alisoma Kilatini katika shule ya jioni, mvi zikiwa tayari kichwani?

"Andika hujaji," alisema.

Gaudence, mjane wa marehemu, hakuinua brashi. Walikuwa uani mwa nyumba ya mazishi, wakisubiri mwili uandaliwe ili wanaume wa kanisa wauoshe.

"Karatasi zake zote ziliandikwa mkimbizi," alisema. "Sitaki neno hilo limfuate kaburini. Lakini hili lako nifafanulie, Mzee."

"Sikiliza, Mama Diane. Wakristo wa kale, enzi za wafalme na ngome, walikwenda kwa miguu mpaka mahali patakatifu. Waliotoka Yerusalemu waliitwa watu wa mitende, maana walirudi na matawi yake. Wa Roma walipewa jina la Roma. Waliozuru kaburi la Mtakatifu Yakobo walishona kombe la baharini kofiani. Wote mahujaji. Na neno lao la Kilatini, kabla halijavishwa utakatifu, lilimaanisha mgeni tu."

"Kwa hiyo walirudi kwao."

"Wengi wao."

"Yves harudi."

Salvator alikohoa. "Hata waliofia njiani waliitwa hivyo."

"Njiani walilala wapi?"

"Kwa watawa. Hujaji akibisha hodi, alifunguliwa. Mkuu wa nyumba mwenyewe aliinama, akamwosha miguu."

Alilitamka hilo kwa fahari, kama mtu aliyekuwepo. Gaudence aliiweka brashi juu ya kopo.

"Yves alilinda mageti ya watu kule mtaa wa Kensington mpaka miguu ikamvimba," alisema. "Sijui kama yuko aliyewahi kuitazama."

Thierry, fundi cherehani wa Bukavu na mwenzao wa kanisani, alitokea mlangoni akikunja mikono ya shati. "Wenzangu wa kuosha wamekwama kazini. Eish, kazi hii ya watu wawili." Akaitazama suti ya mzee. "Si wewe, Mzee. Wewe ni mtu wa maneno."

Ulikuwa utani, tena wa heshima, lakini ulimchoma. Ni kweli: katika kila msiba alipewa kiti cha mbele na kipaza sauti, kamwe si beseni. Na kiti hicho alikipenda.

Alivua koti, akaliweka juu ya kiti, akaingia ndani.

Nyayo za Yves zilikuwa zimepasuka kama udongo wa kiangazi. Salvator aliinama miguuni pa marehemu, akachovya kidole kwenye maji ya beseni.

"Baridi haya. Lete ya vuguvugu."

"Hasikii baridi tena, Mzee."

"Lete ya vuguvugu."

Baadaye Gaudence alisimama mlangoni, brashi mkononi. "Basi niandike neno gani?"

Salvator alikuwa akipenyeza kitambaa kati ya vidole, kimoja baada ya kingine.

"Ngoja kwanza," alisema. "Bado mguu wa pili."