Kilemba cha Khalifa Shamardali

Katika nchi ya Zumaradia minara ilikuwa mingi kuliko visima, na katika kasri la mji mkuu, Darhasha, wasifiaji walikuwa wengi kuliko minara. Mji ulikaa juu ya kilima chekundu, matajiri wakiishi kileleni penye upepo, wakamua ufuta na wafinyanzi wakibanana bondeni kwenye moshi, na kila Ijumaa wote walipanda kwenye msikiti mmoja kumwombea dua khalifa mmoja, ambaye kwa kawaida alikalia kiti cha mtu aliyenyongwa.

Watu wa huko walikuwa na desturi njema, na kwa kuwa ilikuwa njema, watawala hawakuweza kuiacha salama. Mwanamume akibaleghe, wazazi wake walimpa kitambaa cheupe cha kutosha kumfunika mwili mzima, naye akakipiga kilemba maisha yake yote. Siku ya kufa kikakunjuliwa, kikawa sanda yake. Tajiri na fukara walitembea na mauti kichwani, na jambo hilo liliwatia adabu kidogo.

Adabu hiyo Shamardali hakuijua. Alikulia gerezani, alikotupwa na ami yake tangu angali mtoto. Majemadari walimnyonga ami, wakamtoa kijana, wakamvika kilemba cha marehemu kabla hakijapoa, wakidhani wamepata punda wa kuzungusha kinu chao. Alipoonja asali ya utawala, aliwapofusha wote, kisha akaanza kuogopa hata kikohozi cha mpishi. Ndipo Waziri Kundari, fundi wa kuwavika wakubwa vilemba vya ukoka, alipomnong'oneza kwamba raia hawamchi kwa sababu kilemba chake kinalingana na vyao.

Amri ikatoka: kila kilemba kikatwe kipande, kiongezwe kwenye cha khalifa. Alipopata mtoto, vikakatwa tena. Aliposhindwa vita, vikakatwa vya kumpa pole. Kilemba kikawa kama mtungi, kisha kama pipa, watumishi wawili wakikiegemeza kwa magongo, na wakuu wakiapa kwamba kinampendeza. Waongo wakubwa! Bondeni maiti walizikwa miguu nje ya sanda.

Ijumaa moja alifariki Faizuri, mkamua ufuta. Mkewe, Bi Rudaina, alikunjua kilemba cha mumewe, kikaishia kitovuni. Alimfunika jamvi, akapanda msikitini akiwa na hasira na aibu, akasimama mbele ya khalifa kabla ya sala.

"Maulana, nimekuja kuomba kipande cha mume wangu. Nimemwacha chini ya jamvi."

"Utakijuaje humu, mama?" aliuliza Kundari, na wakuu wakacheka.

"Kina doa la mafuta. Lakini nipeni chochote. Vyote ni vya maiti."

"Mfunike kwa dua," alisema Shamardali. "Huku juu kinafanya kazi ya maana kuliko kuliwa na mchwa."

Minong'ono ikatambaa msikitini. Kwa miaka mingi naibu ndiye aliyesalisha badala ya khalifa. Kundari akaona siku hiyo khalifa asalishe mwenyewe, raia waone ukubwa na unyenyekevu kwa pamoja. Shamardali akatoa takbira. Akarukuu kwa tabu. Akasujudu, na kilemba kikaanguka mbele, kikamgandamiza paji la uso sakafuni.

Hakuinuka. Na maamuma hainuki kabla ya imamu. Watumishi, walinzi, wakuu, mji mzima ulibaki umesujudu nyuma yake, na Kundari, aliyesikia mkoromo wa bwana wake, alikuwa tayari anapima nani atawale kesho.

Aliyeinuka kwanza alikuwa Bi Rudaina, maana maiti wake alikuwa akimngoja. Akapita katikati ya migongo, akatafuta doa la mafuta, akavuta. Mfinyanzi akainua kichwa, akamwona, naye akaenda kutafuta cha baba yake. Kisha wengine, na wengine. Hakuna aliyempiga khalifa wala kumtukana. Kila mmoja alichukua cha kwake, hadi kikabaki kitambaa cha ndani kabisa, nacho binti wa ami aliyenyongwa akaja akakichukua.

Kikaonekana kichwa kidogo chenye upara, kingali kimesujudu. Wapo wasemao alikuwa amekwisha kukata roho. Wengine wanasema alikuwa mzima, ila aliona haya kuinuka. Kitambaa chake mwenyewe hakikupatikana, kwa sababu gerezani hakuna aliyempa.

Bi Rudaina aliteremka bondeni kumzika mumewe. Msikitini Waziri Kundari alikunja jamvi moja la pembeni, akalitandaza juu ya khalifa, wala hakumgusa kujua kama anapumua.