Aliyefungua Mlango wa Kwanza

Kazini walimwita Sauti. Jina hilo la utani lilimganda tangu mwaka wake wa kwanza katika maktaba ya wasioona, ambako kazi yake ilikuwa kuvisoma vitabu mbele ya kipaza sauti, ukurasa baada ya ukurasa, ili wasioweza kusoma kwa macho wasome kwa masikio. Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo. Ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili kwa mpigo, nazo kuta zimevikwa sponji nene iliyomeza kila mwangwi. Upande wa pili wa kioo alikaa fundi mitambo, mama wa makamo aliyemwongoza kwa ishara: kidole juu, anza, kiganja, simama, kidole kikizunguka, rudia. Naye walimbatiza Bi Kimya. Miaka kumi na moja walikuwa wakionana kila siku, na maneno yote waliyoambiana yangeenea kwenye bahasha moja na nafasi ikabaki.

Siku moja mkuu wa maktaba aliingia na kitabu kizito kama tofali.

"Wenzako wote wamekikimbia," alisema. "Majina yaliyomo yanavunja ulimi. Nikaona nikuletee wewe, ulimi wako umeshakomaa."

Sauti alipoliona jalada, moyo ulimruka. Katika ujana wake hakuna aliyependa vitabu ambaye hakuzijua riwaya za Milango Saba, juzuu tatu za nchi isiyokuwepo, yenye walinzi wake, mito yake na vita vyake. Hiki hakikuwa riwaya ya nne. Mwandishi alishafariki, na watu wake walikuwa wamekusanya karatasi alizoziacha: jinsi nchi ile ilivyoumbwa, miungu yake ilivyozaliwa, nani alimzaa nani, nani alimlaani nani. Yale ambayo riwaya ziliyagusa kwa mbali tu, "kama wasemavyo wa kale," sasa wa kale wenyewe walikuwa wakisema.

Alikipenda tangu sura ya kwanza. Hapo mwanzo, kilisema kitabu, palikuwa na nyumba isiyo na mlango, na ndani yake ndugu saba waliodhani hakuna kitu nje. Akatokea mmoja wao, msichana, akaegemea ukuta hadi ukuta ukachoka, ukafunguka. Nje hakukuwa na kitu. Lakini kila alikotupa jicho kukawa na kitu: mlima, ndege, mvua. Ndivyo dunia ilivyopatikana, kwa mtu mmoja kuchungulia.

Shida ilikuwa kwamba hakuwa na wa kumwambia. Aliishi peke yake katika vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Jioni ile alipeleka nguo kwa mpiga pasi wa chini ya ngazi, na habari ikamtoka bila kutaka.

"Kumbe wale walinzi wa milango walikuwa ndugu wa tumbo moja!"

"Walinzi gani? Wa benki?"

"Wa kitabuni."

"Ahaa," alisema mpiga pasi, akamtazama kidogo. "Suruali hii niipige mkunjo?"

Akasema ndiyo, akapanda ngazi.

Msichana wa kitabuni jina lake liliandikwa Caelu. Herufi C, kama tujuavyo, kwetu haitembei bila H, na hii ilikuwa imetoka peke yake. Sauti hakujiuliza mara mbili. Alisoma Chaelu, kwa sababu ndivyo jina lile lilivyotamkwa nyumbani kwake zamani. Binti yake akiwa na miaka sita alikuwa amejifunza herufi juzi juzi tu. Akaweka kidole juu ya jina, akalisoma mwenyewe kwa fahari: Chaelu. Baba mtu hakumsahihisha. Miaka miwili alimsomea riwaya zile kila siku akitoka kazini, mtoto kajikunja ubavuni mwake kama paka, na Chaelu akawa kama shangazi wa familia. Kisha ndoa ikavunjika, Sauti akafungasha, mtoto akabaki kwa mama yake. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne, mpima ardhi katika mji wa mbali. Simu zao zilikuwa za sikukuu na za misiba.

Kila Ijumaa maktaba iliwatumia wasikilizaji sura zilizokamilika. Baada ya sura ya tano simu ya ofisini ililia, ikawa ya Sauti.

"Shikamoo, mama," alisema aliposikia sauti ya kikongwe.

"Marahaba. Wewe ndiye unayesoma? Unasoma vizuri, mwanangu, hulali usingizi kitabuni kama yule mwenzako. Lakini huyu Chaelu umemtoa wapi?"

Kikongwe huyo alikuwa opereta wa simu mstaafu, miaka thelathini akiwaunganisha watu kwa waya na kuyashika majina yao kwa kuyasikia mara moja. Macho yalimzimika miaka mitatu nyuma. Kitabu kilipotoka alikinunua hivyo hivyo. Kilikuwa mezani kwake, akikipapasa na kukinusa.

"Mjukuu wangu alinisomea kurasa za mwisho kabla hajachoka," alisema. "Mwandishi mwenyewe ameeleza kila jina linavyotamkwa. Ni Kaelu. Kaelu! Nimewajua watu hawa miaka arobaini, usiniharibie."

Sauti akafunua nyuma ya kitabu. Kweli, orodha ilikuwepo, na alikuwa hajaifikia. Mkuu wa maktaba hakuwa na maneno mengi: rudia. Jina lilikuwa limetajwa mara mia mbili na tatu.

Siku tatu alifanya kazi hiyo tu. Bi Kimya alimchezea sentensi, sauti yake mwenyewe ikasema Chaelu, yeye akasema Kaelu juu yake, na la zamani likafutika. Mara mia mbili na tatu. Saa sita mchana siku ya pili alivua vipokea sauti. Akaomba dakika kumi, akatoka hadi uani penye mapipa ya maji, akampigia binti yake.

"Baba? Kuna nini? Nani amefariki?"

"Hakuna, mama, wote wazima. Nilitaka kukuuliza kitu. Unamkumbuka Chaelu?"

Upande wa pili kulikuwa na upepo na watu wakiitana. Alikuwa kazini porini na vigingi vyake.

"Chaelu nani? Jirani?"

"Wa kwenye Milango Saba. Ulilisoma hivyo wewe, ukiwa mdogo."

"Nilikuwa nasema hivyo? Wala sikumbuki, Baba."

Sauti aliuangalia ukuta wa ua. Alitaka kusema basi, endelea na kazi. Lakini binti hakukata simu.

"Ninachokumbuka ni chai," alisema.

"Chai gani?"

"Wewe ulinisomea kwamba alishuka duniani kumtafuta ndugu yake, akarudi ameloa chapachapa, akaomba chai. Nilipenda sana pale. Nikiwa na miaka kumi na tano nikaazima vitabu vile shuleni, nikasoma mwenyewe. Nikafika pale, nikaitafuta chai. Hakuna chai, Baba. Harudi. Anageuka mto, na ndugu zake wanafunga mlango."

Mambo yote hayo Sauti alikuwa ameyasahau, kisha yakamjia kwa mkupuo: kitanda kidogo, sanduku lake limeshafungwa nyuma ya mlango, mtoto anauliza, halafu? Na yeye, mtu ambaye hakuwahi kuongeza nukta kwenye kitabu cha mtu, akatunga.

"Nilikuwa naondoka wiki ile," alisema.

"Najua. Niliipiga hesabu baadaye. Kwa sababu ya chai ile nilikaa nikikusubiri urudi." Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayesoma kipimo. "Sikukuchukia kwa kuondoka, Baba. Mama alinieleza. Ile chai ndiyo iliyoniuma."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimeshazoea. Acha nirudi kazini, wananiita."

Alirudi chumbani akavaa vipokea sauti. Bi Kimya alimtazama kupitia kioo, akashusha mkono aliokuwa amekwisha kuuinua, akazima taa nyekundu. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya miaka kumi na moja: alifungua mlango, akaingia, akaweka glasi ya maji mbele yake.

"Tuendelee kesho," alisema.

Sura ya mwisho wa Kaelu ilikuwa ya kumi na tisa. Kitabuni ilikuwa ndefu kuliko katika riwaya, na ngumu zaidi, kwa kuwa wa kale hawakuficha: walieleza jinsi miguu yake ilivyoyeyuka kwanza, jinsi alivyoita, jinsi ndugu watano waliobaki ndani walivyosikia na kuogopa baridi ya nje. Mara ya kwanza sauti ilimkatika. Mara ya pili aliruka mstari, na hakujua kama ni kwa bahati mbaya. Mara ya tatu aliusoma wote kama ulivyoandikwa, neno kwa neno, hadi mlango ulipofungwa.

Sura hiyo alimtumia binti yake, na ujumbe mfupi: Ukitaka. Wiki ikapita. Ya pili ikapita. Yule opereta mstaafu alipiga, akalalamika kwamba mahali fulani alimsikia akimeza mate, halafu akamshukuru.

Wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi, Sauti akifua mashati, simu ikalia.

"Nimesikiliza," alisema binti. "Mara mbili."

"Asante."

"Sasa yule ndugu aliyekuwa anamtafuta. Alionekana?"

Sauti alikaa kwenye ukingo wa beseni, povu likimchuruzika viwikoni. Alikuwa amekisoma kitabu chote, hadi orodha ya majina.

"Hakijasema," alijibu.

"Hakijasema kabisa?"

"Kabisa. Kinamtaja mara moja tu, halafu kinamwacha."

"Usinitungie, Baba."

"Sikutungii."

Binti akasema sawa. Akaeleza kidogo juu ya kiwanja walichokuwa wakikipima, kilikuwa na mwinuko mbaya na nyoka, na Sauti akauliza nyoka wa aina gani, akajibiwa. Kisha maneno yakaisha. Hakuna aliyekata. Alimsikia mtoto wake akipumua mbali huko, akasikia kikombe kikiwekwa mezani, kiti kikisogezwa, na hatimaye: "Haya, Baba, nitakupigia." Hakusema lini.

Maji ya beseni yalikuwa yamepoa. Akamaliza mashati, akayaanika, akabaki amesimama roshani akiutazama mtaa, watu wakipita na mizigo yao.