Jicho Chumbani kwa Mama Adan

Nimefunga madishi Garsen kwa miaka kumi na moja, na bado wako wanaume wanaonishikia ngazi huku wakiniuliza mume wangu amekwenda wapi. Siku hizi siwajibu. Adan hakuuliza. Alinipigia simu akasema mama yake anataka televisheni chumbani kwake, nije nimfungie ili nyumba ipate kutulia.

Nilimkuta Mama Adan kitandani, nyonga imevunjika tangu alipoteleza kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Kabla ya hapo yeye ndiye aliyekuwa akisema mifugo ihamishwe lini. Wakati wa kiangazi ng'ombe wao hulisha kule chini, upande wa Kilelengwani, na mto nao haungoji mvua ya Garsen. Mvua hunyesha huko juu, mabwawa yakajaa, na baada ya siku chache maji yako hapa na jua linawaka. Kwa hiyo kila jioni mama huyu alikuwa akikaa sebuleni kusikiliza habari, na siku akisema kesho, watu huhama kesho. Mwaka mmoja tu walichelewa, siku moja, na ndama kumi na wanne wakaenda na maji. Rangi zao anakutajia mpaka leo.

Sasa yuko chumba cha nyuma, sebule imejaa wanaume na mpira, na hakuna anayemwuliza kitu. Adan si mtu mbaya. Alimwambia mama yake apumzike, habari watamsikilizia wao. Lakini habari ni saa moja, na saa moja kuna mpira, au marudio ya mpira, au watu watano wakibishana juu ya mpira.

"Hawa naletea mimi uji," mama aliniambia. "Habari hawaleti."

Siku ya kwanza nilimfungia antena yake mwenyewe juu ya nguzo. Picha ikawa inakwama kila upepo ukivuma. Kesho yake nilirudi nikarefusha nguzo, nikaigeuza antena huku na huku, bure. Mimi kushindwa na waya siwezi, nalala vibaya. Siku ya tatu nikaamua kuvuta waya kutoka nyuma ya dekoda ya sebuleni, juu ya dari, hadi chumbani kwake. Adan aliniuliza kama picha yake itafifia, maana alidhani tukigawana itakuwa kama maji ya bomba. Nikamwambia haitafifia, ila dekoda ni moja, kwa hiyo kinachoonekana sebuleni ndicho kitakachoonekana kwa mama. Alifurahi. Akasema basi mama naye ataona mpira.

Mama Adan nilipomweleza, alinyoosha mkono.

"Na rimoti?"

Nikamwambia rimoti ni ya sebuleni.

"Basi umeleta kelele yao mpaka kitanda yangu."

Niliona aibu, kwa sababu alisema kweli. Siku tatu za kupanda na kushuka ngazi, na kumbe nilikuwa nawafanyia kazi wanaume wa sebuleni.

Ndani ya mkoba nilikuwa na jicho. Ni kidude kidogo kama punje ya hindi, unakibandika kwenye televisheni ya chumbani, kinapokea amri ya rimoti na kuirudisha kwa waya ule ule hadi kwenye dekoda. Nililibandika, nikampa mama rimoti ya akiba, nikamwonyesha vitufe viwili vinavyomtosha, nikafunga mkoba. Sebuleni niliaga tu, la jicho sikulitaja. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Jumamosi Adan akanipigia. Dekoda imeharibika, alisema, ikifika saa moja inajiendea yenyewe kwenye habari. Rafiki yake Mohamed alikuwa ameshashauri isomewe dua. Nilicheka nikiwa njiani, nilipofika mlangoni nikaacha kucheka.

Mpira ulikuwa dakika ya sabini. Saa moja kamili, habari. Adan akarudisha mpira. Habari. Akarudisha tena, na tena ikaondoka. Ndipo aliponitazama usoni, na Adan si mjinga.

"Sidi, umefanya nini?"

Nikamweleza yote. Akaniambia nikalitoe jicho hilo sasa hivi, mbele ya wageni wake wote. Nyumba hiyo ikinisema vibaya, nusu ya Garsen haitaniita tena. Nikapiga moyo konde.

"Sitoi. Kazi hiyo nimemfanyia mama yako. Akiniambia yeye, nitatoa."

Kwa kuwa hakuna aliyegusa rimoti, habari ikapata nafasi ya kusikika: mabwawa ya juu yamejaa, maji yameanza kumwagika, wanaoishi na kulisha mabondeni wahame. Nje nyota zilikuwa zimejaa, hakuna wingu.

Kutoka chumba cha nyuma sauti ikaja, wala si kubwa.

"Adan. Ng'ombe iko wapi?"

Alijua walipo, na mama alijua. Adan aliweka rimoti yake mezani, akaenda hadi mlango wa chumba cha nyuma, akavua viatu. Nilimfuata kwa nyuma, kwa sababu bado nilikuwa na hofu. Alisimama pale kizingitini, mtu mzima mwenye ndevu.

"Mama, tuhame lini?"

Tangu aanguke hakuna aliyekuwa amemwuliza hivyo. Mama hakuyaondoa macho kwenye habari.

"Kesho. Kwisha kamua tu. Ndama iende kwanza. Sasa nyamaza, mimi nasikia."

Mohamed alikuwa ameshatoka kwenda uani kuwapigia wachungaji simu, na wengine wakamfuata mmoja mmoja wakitafuta viatu vyao. Habari ilipokwisha, Mama Adan alibonyeza kitufe akawarudishia mpira wao. Sebuleni hakukuwa na mtu wa kuutazama.